Pengo Nyuma ya Kaunta

Mkono mzima uliingia. Urbano aliutoa, akautazama utadhani kosa lilikuwa la mkono, kisha akauchomeka tena kwenye pengo hadi kifundo kikapotea. Kaunta ile ya mninga, aliyoihangaikia mpaka watu wakaanza kumwonea huruma, ilikuwa imekataa kukaa na ukuta. Katikati ilibana kabisa, kucha haipiti. Upande wa mlangoni kiliingia kidole. Upande wa dirishani ndiyo hivyo tena, mkono mzima.

"Hapo umeacha njia ya paka?" sauti iliuliza kutoka mlangoni.

Alikuwa Mughwai, jirani yake wa miaka yote, mrina asali aliyekuwa akiingia nyumba ya mtu bila hodi na kutoka bila kuaga.

"Paka gani, Mughwai? Ukuta umepinda."

"Nani aliujenga?"

"Mimi."

"Basi," Mughwai akasema, akaegemea kizingiti apate kucheka vizuri.

Kweli aliujenga yeye, kwa tofali za udongo alizofyatua mwenyewe, enzi hizo akiwa bado kwenye genge la reli hapa Itigi. Kwenye reli alisifika kwa jicho. Aliinama, akafumba jicho moja, akasema chuma kimekimbia upande huu, na kikipimwa kweli kimekimbia. Sasa wamempunguza kazini, yeye na wenzake wengi, wakaambiwa zama zimebadilika na kila mtu ajitegemee. Akajitegemea. Na kazi ya kwanza ya kujitegemea ilikuwa hii ya kumjengea mkewe jiko la kupikia mtu akiwa amesimama, na jicho lile lililonyoosha reli likashindwa na ukuta wa jikoni kwake.

"Kwani ukiacha hivyo kuna nini?" Mughwai akauliza. "Kaunta imesimama. Chungu kitakaa. Shida iko wapi?"

"Vitu vitadondokea nyuma. Makombo, maji, vijiko. Panya watahamia na mende watazaana humo. Unamjua mama mkwe wangu, ataanza na hapo hapo."

Mughwai akaacha kucheka. Alimjua.

* * *

Yasinta, mke wa Urbano, alikuwa kwa mama yake Kintinku tangu mvua za mwaka jana. Lori la mnadani lilipinduka naye, nyonga ikavunjika. Hospitali waliifunga, ikaunga, lakini iliunga inavyotaka yenyewe. Kusimama alisimama, na kwa mkongojo alitembea. Kuchuchumaa ndiko kulikomshinda, na kuinama vilevile. Sasa mwanamke asiyechuchumaa atapikaje kwenye mafiga matatu yaliyoko chini?

Mama yake, Bibi Marietha, alikuja akamchukua, akasema atamtunza hadi apone. Miezi ikapita. Urbano alijipikia mwenyewe, ugali wake una mabonge, mboga yake chumvi tupu, na vijana wa kijiweni wakampa jina la Mama Lishe. Alivumilia. Kilichomshinda ni siku aliyopanda treni kwenda Kintinku kumwomba mkewe arudi.

"Nirudi nifanye nini, baba Eliana?" Yasinta alimwuliza. Eliana ni binti yao, ameolewa Mwanza. Walikuwa wamekaa nje kwenye kivuli cha ukuta, mkongojo umelala kati yao. "Nirudi nikae kitako, unipikie, majirani wapite wanihesabie siku za kufa?"

"Nani kasema utakufa?"

"Hakuna. Lakini nikishindwa hata kukorogea mume wangu uji, mimi pale ni nani? Mgeni? Hapa kwa mama angalau ni mtoto wake. Mtoto anapikiwa."

Urbano alitaka kusema kwamba nyumba bila yeye haina maana, kwamba jioni anaweka bakuli mbili mezani kwa kusahau. Alikuwa mtu wa reli, maneno ya namna hiyo hayakumjia upesi. Akabaki anachora chini kwa kijiti.

Hapo ndipo sauti ya Bibi Marietha ilipotoka ndani, upande wa pili wa ukuta. Kwa akina Marietha desturi ilikuwa kali: mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, wala hawaelekezani neno. Akiwa na la kumwambia Urbano, alimwambia Yasinta, hata kama Urbano amesimama hapo hapo anasikia.

"Mwambie mumeo," bibi akasema, "mwanangu nilimpa akiwa mzima. Akipata mahali pa kupikia akiwa amesimama wima kama mtu, anite nije nipaone kwa macho yangu. Nikipaona panafaa, abaki naye. Nikiona ni mchezo wa kitoto, narudi na mwanangu, na asinifuate tena hapa."

"Umesikia?" Yasinta akauliza polepole.

"Nimesikia."

Ndiyo hiyo safari iliyomfanya Urbano aende kwenye jengo la duka la ushirika. Duka lenyewe lilishakufa. Siku hizi sabuni iko kila kibanda, sukari unapimiwa hadi usiku, mradi uwe na cha kulipia, na jengo lilikuwa limepangishwa kwa mfanyabiashara kijana kutoka Singida mjini, Tarun mtoto wa Gokaldas, aliyetaka kabati za vioo. Kaunta ya zamani, sanduku refu lenye mlango mdogo chini na nyufa nyuma, aliitupa nje ikasubiri kupasuliwa kuni.

"Unaitaka ya nini, mzee?" Tarun alimwuliza. "Unafungua duka?"

"Hapana. Mke wangu apikie."

Tarun akamtazama, akadhani hakusikia vizuri. Kisha akasema, "Nisaidie kupanga mali hii stoo, ukimaliza uichukue." Urbano alibeba magunia mpaka mgongo ukalia, na alipomaliza akaomba vijana wa kijiweni wamsaidie kuibeba. Waliibeba wakiimba nyimbo za harusi njia nzima, wakimtania kwamba bwana harusi kapata jiko.

* * *

Sasa pengo. Kwanza alilijaza udongo. Alikanda, akausukumia mle kwa mti, akalainisha juu kwa kiganja, akajisifu. Upepo wa kiangazi wa Itigi ukavuma, udongo ukakauka, ukasinyaa, na asubuhi moja akaukuta wote umeanguka nyuma umebaki vumbi. Akaomba saruji kidogo kwa mtu aliyekuwa anajenga. Saruji nayo ilipita moja kwa moja hadi sakafuni, maana pengo halikuwa na kitako cha kuishikilia. Aliiokota ikiwa imeshaganda umbo la mguu wa tembo.

"Ungemwuliza Yasinta," Mughwai akasema. "Nyumba hii nani anaikandika kila mwaka? Wewe umewahi kushika udongo wa ukuta tangu uijenge?"

"Nataka akute imekamilika. Nikimwuliza atajua nimeshindwa."

"Na umeshindwa."

"Bado!"

Wazo lilimjia akiwa amelala chali anaangalia dari. Nta! Baba yake alikuwa mrina asali wa msituni huko, na Urbano alikulia kwenye mizinga. Nta haisinyai, haipitishi maji, haina vumbi, mende haipendi. Akamwomba Mughwai masega makuukuu, yale meusi yaliyokwisha kukamuliwa, akayayeyusha kwenye sufuria. Akakata magunia vipande, akavichovya, akavishindilia kwenye pengo kimoja baada ya kingine, kisha akamiminia nta juu na kuipiga pasi kwa kijiko cha moto. Kwenye kona ya dirishani nta ilimwishia. Pakabaki kitundu cha kuingia kidole. Akasema kitundu kama hicho nani atakiona.

Lazima niseme alipendeza kumwona siku ile, mtu mzima na mvi zake, amepiga magoti jikoni anasugua nta kwa ncha ya shati. Juu ya kaunta alitandika bati na matofali, akaweka jiko la mkaa, akaliwasha kulijaribu. Joto likapanda. Nta ikalainika kidogo, jikoni kukanukia asali, kukanukia utoto wake. Akazima jiko, akafagia, akafunga mlango kwa komeo asiingie mtu kupachafua, akatuma salamu Kintinku kwa mtu wa treni: waje.

Siku moja kabla hawajafika Mughwai alipita nyuma ya nyumba, akamwambia, "Nimeona nyuki wawili watatu dirishani kwako."

"Wanatafuta maji. Kiangazi hiki," Urbano akajibu, maana akili yake yote ilikuwa kwenye kuku wa kuwachinjia wageni.

Ajabu ya watu wa Itigi ndiyo hiyo. Hakuna mtoto wa hapo asiyejua kwamba ukitaka nyuki waingie kwenye mzinga mpya, unatafuta sanduku lenye giza, unalipaka nta ya zamani ndani, unalipasha moto linukie, unaacha kitundu kimoja, unaondoka. Urbano alijua. Alijua tangu hajaota meno ya pili. Lakini mtu aking'ang'ania jambo moja, yale mengine anayoyajua yanakaa pembeni yanamtazama tu.

* * *

Treni ilichelewa kama kawaida yake, wakafika jua likiwa limeshavuka utosi. Bibi Marietha alitangulia na kikapu kichwani. Yasinta alifuata kwa mkongojo, pole pole, na nyuma yake kijana wa stesheni amebeba mzigo wake wa nguo uliofungwa kwa kanga. Urbano aliuona ule mzigo kwanza. Kumbe amekuja na nguo!

Alipiga magoti mbali, macho chini. "Mwambie mama shikamoo."

"Mwambie marahaba," bibi akasema, akitazama paa.

"Marahaba," Yasinta akamfikishia, na pembeni ya mdomo akawa anatabasamu. "Umekonda, baba Eliana."

"Chakula cha Mama Lishe hakinenepeshi."

Akacheka, na Urbano akasikia raha ambayo hakuwa ameisikia tangu lile lori. Kijana akauweka mzigo kizingitini. "Usiingize kwanza," bibi akaamuru. "Tuone jiko." Mzigo ukabaki nje.

Wanawake wakaingia jikoni. Urbano, kwa desturi, akabaki nje. Akasogea kwenye ukuta, akaweka sikio. Kwanza akasikia mkongojo ukigonga sakafu. Kisha sauti ya Yasinta, nyembamba kabisa:

"Mama! Hii ni kaunta ya ushirika."

"Kaunta gani?"

"Ya duka. Naijua hii alama ya mzani. Hapa nilipanga foleni nina mimba ya Eliana, toka alfajiri, nafika mbele naambiwa sabuni imekwisha. Nililia hapa, mama, mbele za watu. Nikamfulia mwanangu kwa majivu." Akaigonga kaunta kwa kiganja. "Na leo nimesimama upande wa mwenye duka."

Nje, Urbano alijifuta macho kwa mkono, akashukuru Mungu kwa ile desturi ya kubaki nje.

Bibi alikuwa na macho ya kazi. Alipitisha kidole kwenye nta, mwisho hadi mwisho. "Hapa nyuma kaziba na nini? Kinanata." Kisha, "Na sukari? Wenye maduka wale walikuwa wanawafichia ndugu zao sukari. Wapi?"

"Humu chini, watu walisema. Kwenye huu mlango mdogo."

"Hebu tuone."

"Asifungue!" Mughwai alikuwa anapita uani. Alisimama ghafla, kichwa upande. Alishaisikia ile sauti kabla ya mtu yeyote, mvumo mzito uliotulia, ambao Urbano tangu jana yake alidhani ni upepo kwenye bati. "Urbano! Humo ndani mna—"

Mlango mdogo ulilia. Bibi Marietha naye akalia, mara moja, kwa Kigogo.

Jamani, nyuki! Kaunta nzima ilikuwa mzinga. Walitoka kama maji ya bomba lililopasuka. Bibi alikimbilia mlangoni na kanga kichwani, haoni anakokwenda, akanasa na kikapu chake kwenye kizingiti, mlango ukaziba. Na ndani Yasinta alikuwa ameangusha mkongojo. Alishikilia kaunta kwa mikono miwili, hawezi kuuokota maana hainami, hawezi kukimbia maana hana mguu wa kukimbilia. Aliita jina moja tu.

"Urbano!"

Sasa hapo mtu anakumbuka desturi? Urbano alimsukuma mama mkwe. Kwa bega. Akamtoa mlangoni na kikapu chake, vitu vikamwagika uani, akaingia, akamfunika mkewe kwa shati lake, akambeba kifuani kama alivyombeba siku ya kwanza wakiwa vijana, akatoka naye hadi ng'ambo ya barabara. Nyuki walimfuata wote yeye. Alipomweka chini, sikio moja lilikuwa limeshajaa na jicho linafumba.

"Umeumwa?" akauliza.

"Mkononi tu. Wewe je?"

"Mimi sijui. Kila mahali."

Bibi Marietha alikuwa amekaa chini ya mti uani kwa Mughwai, amewapa mgongo wote wawili, kanga imemvuka, mdomo wa juu umevimba. Hakuguswa na mkwe wake hata siku moja kwa miaka yote ile, na leo ameguswa kwa bega, mbele ya watu.

"Mwambie huyo mtu," akasema, na maneno yakimtoka mazito kwa ule uvimbe, "nimeliona jiko lake."

* * *

Jua lilipozama Mughwai alileta moshi na mzinga mtupu, wakawahamisha nyuki taratibu, na Urbano ndiye aliyemshika malkia, maana mikono yake ilikumbuka hata kama kichwa kilisahau. Mughwai alitaka kucheka, akaona uso wa mwenzake, akaacha. Treni ya kurudi ilikuwa imeshapita, kwa hiyo wanawake walilala ndani, na Urbano, kwa kuwa mama mkwe yuko nyumbani, akaenda kulala kwa Mughwai. Alilala na jicho moja limefumba, la pili likitazama giza. Alijua kesho itakuwaje.

Asubuhi alipofika uani, mzigo wa nguo ulikuwa pale pale kizingitini, na kando yake kikapu cha bibi, kimeshafungwa. Bibi amekaa nyuma ya nyumba, kisogo tu kinaonekana. Urbano alisimama akatazama vile vitu viwili vilivyokaa pamoja. Alitaka kusema neno, lile neno la bakuli mbili, akaishia kukung'uta vumbi kwenye mzigo.

"Baba Eliana!" sauti ikaita toka jikoni. "Njoo huku. Na jembe."

Yasinta alikuwa amesimama mbele ya kaunta, ameegemeza tumbo. Alikuwa ameshachokonoa magunia yote ya nta, yako chini. Mkongojo ulikuwa umeanguka sakafuni tena.

"Nimeshindwa, mama Eliana," Urbano akasema toka mlangoni. "Ukuta wangu umepinda. Nilijenga vibaya."

"Nani kakwambia ni wako?"

"Tofali ni zangu."

"Tofali zimenyooka. Weka mkono hapa, katikati, panapobana. Unaona tumbo? Hilo tumbo nimelilea mimi. Mvua ya upande huu inapiga hapa, kila mwaka udongo unalegea hapa, kila mwaka naongeza. Mwaka huu kidogo, mwaka ujao kidogo. Umeoa mwanamke anakandika ukuta, halafu ukuta ukinenepa unajilaumu wewe!" Akamtazama lile sikio, akashindwa kujizuia, akacheka hadi akashika nyonga. "Si ungeniuliza tu."

"Nilitaka ukute imekwisha."

"Nimekuta nyuki."

Wakacheka wote wawili, na nyuma ya nyumba kisogo kile hakikutikisika.

Walivuta kaunta, Urbano akaanza kulichonga tumbo la ukuta. Udongo ulitoka kwa matabaka, na Yasinta aliyajua yote. "Huu mwekundu ni wa mwaka jana, kabla sijaanguka. Huu mweupe ni mwaka wa harusi ya Eliana, niliufuata mbali, nilitaka nyumba ing'ae. Huu wenye majivu ni ule mwaka wa njaa." Urbano alichonga polepole kuliko ilivyohitajika. Miaka yote alitoka asubuhi kwenda kwenye reli akarudi jioni, ukuta umesimama, na hakuwahi kuuliza unasimamaje.

"Mimi naweka bakuli mbili," akasema ghafla, akiutazama ukuta.

"Nini?"

"Jioni. Nikipika. Naweka bakuli mbili mezani. Kisha nairudisha moja."

Yasinta alinyoosha mkono, akamfuta udongo shingoni, akauacha mkono pale muda mrefu.

Wakairudisha kaunta. Sasa ilikaa. Mlangoni haikuingia hata kucha. Palipobaki pembamba alimwelekeza aweke fito chini kwanza, zishike, ndipo udongo, na udongo uchanganywe na majani makavu usipasuke. Alisema yeye, akafanya Urbano, na ikashika. Pakabaki kona ya dirishani tu, pale ukuta ulipokutana na mwingine vibaya. Pengo lilikuwa limepungua, lakini bado lilikuwepo, la upana wa kiganja kilichosimamishwa.

"Hapo namalizia," Urbano akasema, akachota udongo.

"Ngoja kwanza." Yasinta aliutazama mkongojo uliolala sakafuni. "Niokotee huo."

Akampa. Yasinta akausogeza kwenye kona, akauingiza kwenye pengo, kitako kikashuka hadi chini, mpini wake ukaegemea ukingo wa mninga. Ukasimama. Akauachia. Ukabaki umesimama. Akatikisa kaunta, haukuanguka.

"Hapo usizibe," akasema.

Tangu avunjike alikuwa na mkono mmoja tu wa kufanyia kazi, wa pili wa kushikia mkongojo, na akiuegemeza mahali ulianguka, na ukianguka alisubiri mtu apite amwokotee. Sasa alisimama, kiuno kimeegemea kaunta, na mikono yote miwili ikawa mitupu mbele yake. Aliitazama kidogo. Kisha akawasha jiko, akabandika sufuria, maji yakachemka, akamimina unga wa mtama, akashika mwiko kwa mkono wa kulia na sufuria kwa mkono wa kushoto, akaanza kusonga.

Urbano alitoka nje, maana hakuweza kubaki mle na uso aliokuwa nao. Akasimama uani. Treni ilisikika inakuja kutoka upande wa Tabora.

Bibi Marietha alikuwa amesimama dirishani, upande wa nje. Amesimama hapo kwa muda gani hakuna ajuaye. Alikuwa anautazama mwiko unavyozunguka, anaitazama ile mikono miwili, anautazama mkongojo uliosimama wenyewe kwenye kona. Akavuta kanga, akaja mbele ya nyumba, akainama, akachukua kikapu chake, akakiweka kichwani.

Mzigo wa Yasinta aliuacha palepale.

Urbano akageuka upesi, akapiga magoti mbali, macho chini, akasubiri. Yasinta alikuwa jikoni anasonga. Mughwai hakuwepo. Uani hapakuwa na mtu wa tatu wa kuambiwa amwambie mwingine.

"Ingiza mzigo wa mwenzako ndani," Bibi Marietha akasema. "Mbuzi watautafuna."